SOMO LETU: JE, NDEGE INAWEZA KURUKA KWA NGUVU YA MWANGA KUTOKA CHINI?



Somo la toleo hili limetokana na swali ambalo vijana huuliza mara nyingi katika mikutano: je, ni kweli kuna ndege inayoruka bila mafuta, inamulikwa tu na taa maalum kutoka chini? Wengine husema hayo ni mambo ya sinema. Wengine huapa kwamba huko Marekani watu tayari wanasafiri hivyo. Ukweli uko katikati, na kuupata si kazi ngumu kama mnavyodhani. Anayejua kuhesabu michango ya kikundi anaweza kuhesabu jambo hili pia.

Mtauliza, swali hili latuhusu nini sisi wakulima na wafugaji? Latuhusu. Wengi wenu bado mnapanda kilima ili mpate netiweki ya simu. Katika miaka ya karibuni mitambo ya kuruka juu sana imeletwa hapa Kenya kwa ajili ya kazi hiyo, na mingine itakuja. Siku mgeni atakaposimama katika baraza aseme ana chombo kinachokaa angani usiku na mchana kwa nguvu ya mwanga, ni vizuri tuwe na maswali ya kumwuliza.

MALENGO YA SOMO

Mwisho wa somo kila mmoja aweze:
1. Kueleza kwa maneno yake jinsi mwanga wa leza unavyoweza kurusha ndege.
2. Kuonyesha kwa punje za mahindi kiasi cha nguvu kinachopotea njiani.
3. Kusema ni wapi njia hii inafaa, na ni wapi haifai.

Mahitaji: tochi moja, punje 100 za mahindi au maharagwe, bakuli tano, na ubao au karatasi kubwa. Somo lichukue kama saa moja na nusu. Mmoja asome kwa sauti, na mwenzake awatafsirie wazee kwa lugha ya nyumbani ikihitajika.

1. NDEGE HUBEBA CHAKULA CHAKE CHOTE

Mama akienda shamba la karibu, hujifungia chakula kidogo tu. Akienda safari ya siku tatu kwa miguu, furushi huwa kubwa, na furushi lenyewe linamchosha na kumwongezea njaa. Ndege iko vivyo hivyo. Kila tone la mafuta itakalotumia huko juu lazima iondoke nalo hapa chini, na sehemu ya mafuta hayo huungua kwa kazi ya kubeba mafuta mengine.

Mafuta ya ndege kubwa za abiria ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa tunayonunua dukani. Kilo moja yake ina nguvu sawa na karibu uniti 12 za stima. Kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu, ya jamii ile iliyo ndani ya simu zetu, huweka karibu robo ya uniti. Kwa hiyo mafuta yanashinda betri kwa kama mara 48. Ni kweli kwamba injini ya mafuta hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu hiyo kama joto, na mota ya stima hupoteza kidogo tu. Hata hivyo pengo bado ni kubwa sana. Tena mafuta yakiungua ndege inakuwa nyepesi, lakini betri iliyoisha ina uzito ule ule wa betri iliyojaa.

Hapo ndipo wahandisi walipojiuliza: kwani ni lazima ndege ibebe nguvu zake? Tuacheni mtambo mzito hapa chini, tuirushie ndege nguvu kidogo kidogo ikiwa huko huko juu.

2. JINSI INAVYOFANYA KAZI

Kwanza fanyeni jaribio hili. Mtu mmoja awashe tochi karibu na kiganja cha mwenzake. Duara la mwanga litakuwa dogo na kali. Sasa arudi nyuma hatua kumi. Duara litakuwa kubwa na hafifu. Nguvu ya tochi haikupungua. Imetawanyika tu, kama debe moja la maji lililomwagiwa shamba zima badala ya shina moja la mti.

Leza ni mwanga uliofunzwa kwenda pamoja. Rangi yake ni moja, na miale yake hutawanyika kidogo sana. Kwa hesabu za fizikia, mwale wa leza unaotoka kwenye kioo chenye upana wa sentimita 10 unaweza kwenda kilomita 10 na bado ukawa na upana wa sentimita 25 hivi, ikiwa hewa imetulia kabisa. Hakuna tochi inayoweza hivyo.

Basi kazi yote ina hatua nne:
(a) Chini, stima inaingia kwenye mtambo wa leza na kutoka kama mwanga.
(b) Mwanga unasafiri hewani ukiifuata ndege, ambayo haitulii mahali pamoja.
(c) Tumboni mwa ndege kuna seli za sola zinazopokea mwanga na kuugeuza tena kuwa stima.
(d) Stima hiyo inazungusha mota na rafadha, yaani panga zinazosukuma hewa, na ndege inakwenda.

Hapa kuna jambo la kufurahisha. Sola tulizo nazo kwenye mapaa hugeuza kama sehemu moja ya tano tu ya nguvu ya jua kuwa stima, kwa sababu mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi na seli haiwezi kuzitumia zote sawasawa. Leza ina rangi moja. Ukichagua seli inayopatana na rangi hiyo, hugeuza zaidi ya nusu. Mwaka 2021 taasisi ya Fraunhofer ISE ya Ujerumani ilifikia asilimia 68.9 katika maabara. Kwa upande wa seli, basi, wanasayansi wamefanya kazi nzuri sana.

3. YALIYOFANYIKA KWELI

Wazo hili si la jana. Tuyaandike ubaoni kwa miaka yake.

1964: Mhandisi Mmarekani, William C. Brown, alirusha helikopta ndogo kwa kutumia mawimbi ya redio yenye nguvu, ya jamii ya yale yanayopasha chakula katika jiko la maikrowevu. Ilikaa kama mita 18 juu kwa saa 10, ikiwa imefungwa kwa kamba ili isitoke kwenye mawimbi.

1987: Huko Kanada ndege isiyo na rubani iliruka kwa mawimbi kama hayo.

2003: Shirika la anga la Marekani, NASA, lilirusha kindege cha gramu 300 hivi, chenye mabawa ya mita moja na nusu, ndani ya jengo kubwa huko Alabama. Hakikuwa na betri wala mafuta. Leza ilikimulika, kikawa kinazunguka. Leza ilipozimwa, kikateremka polepole mpaka sakafuni. Hapo ilithibitishwa kwamba mwanga peke yake unaweza kuirusha ndege.

2009: Kampuni ya LaserMotive ilishinda zawadi ya NASA ya dola 900,000. Haikurusha ndege. Ilipandisha mashine kwenye waya wenye urefu wa kilomita moja, uliokuwa umening'inizwa kutoka kwa helikopta, kwa nguvu ya leza kutoka chini.

2010: Kampuni hiyo hiyo ilikiweka hewani chombo kidogo cha panga nne, chenye uzito wa kama kilo moja, kwa saa 12 na dakika 27 ndani ya jengo. Kwa betri yake peke yake kingekaa dakika chache tu.

2012: Ndege isiyo na rubani iitwayo Stalker, ya kampuni ya Lockheed Martin, iliruka saa 48 ndani ya handaki la upepo ikilishwa na leza. Kwa kawaida betri yake ilitosha kama saa mbili. Mwisho wa jaribio betri ilikuwa na chaji nyingi kuliko mwanzo.

2025: Idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, DARPA, ilitangaza kwamba imepeleka zaidi ya wati 800 kwa leza umbali wa kilomita 8.6 huko New Mexico, kwa sekunde 30. Kipokezi hakikuwa ndegeni, kilikuwa ardhini. Sehemu ya nguvu iliyopatikana katika majaribio hayo walikaangia bisi.

Sasa tusimame kidogo. Msomaji mwepesi atasema, "Kilomita nane! Kumbe kazi imekwisha!" Lakini tazama tena. Wati 800 hazitoshi birika moja la stima. Kwa sekunde 30, jumla yake haifiki hata sehemu moja ya mia ya uniti. Jambo limewezekana, ndiyo. Lakini kuwezekana ni mlango wa kwanza tu. Mlango wa pili ni kufaa, na ufunguo wake ni hesabu.

4. HESABU YA PUNJE MIA

Pangeni bakuli tano kwa mstari. Bakuli la kwanza ni stima yetu chini, nalo litiwe punje 100. Wanakikundi wanne wasimame, kila mmoja penye hatua moja. Kila mmoja atachukua hasara yake kabla ya kupitisha zinazobaki kwenye bakuli linalofuata.

Wa kwanza ni mtambo wa leza. Mtambo mzuri hugeuza kama nusu ya stima kuwa mwanga, na nusu nyingine inakuwa joto. Achukue punje 50. Zimebaki 50.

Wa pili ni hewa na shabaha. Vumbi, unyevu na mwale kupotoka kidogo. Siku njema, achukue 10. Zimebaki 40.

Wa tatu ni seli za sola. Achukue nusu, yaani 20. Zimebaki 20.

Wa nne ni mota na rafadha. Achukue 5. Zimebaki 15.

Kwa hiyo kati ya uniti 100 tulizolipia, zinazosukuma ndege ni 15, tena siku njema. Katika majaribio yale ya 2025, DARPA walisema kwamba kwa umbali mfupi zaidi walipata stima ya zaidi ya asilimia 20 ya mwanga uliotoka kwenye leza. Katika mchezo wetu wa punje, hiyo ni kama 10 badala ya 20 kabla hata ya kufika kwenye mota. Ni kama mfereji wa maji: mwenye shamba la mwisho haulizi chemchemi ina maji kiasi gani, anauliza yanayomfikia ni kiasi gani.

Sasa tutumie hesabu hiyo kwa ndege mbili.

Ndege ndogo isiyo na rubani. Tuseme inahitaji msukumo wa wati 300 hewani. Gawanya kwa 15, zidisha kwa 100: chini tunahitaji wati 2,000. Hiyo ni birika moja la stima. Jenereta ndogo inaweza. Kwa ndege ya namna hii hesabu inakubali.

Ndege ya abiria. Ndege ya kawaida ya injini mbili inayobeba watu kama 170 inahitaji msukumo wa karibu megawati 10 ikiwa imeshatulia juu. Gawanya kwa 15, zidisha kwa 100: chini tunahitaji zaidi ya megawati 66. Mitambo ya bwawa la Masinga ikitoa nguvu zake zote hutoa megawati 40. Kwa hiyo Masinga yote haitoshi ndege moja, na hapo bado haijapaa, maana kupaa kunahitaji nguvu zaidi.

Na si hayo tu. Punje 20 zilizochukuliwa na seli za sola hazikupotea mbinguni. Zimebaki tumboni mwa ndege kama joto. Kwa ndege ile ya abiria ni joto la megawati 13, kama pasi za stima 13,000 zilizowashwa pamoja. Mwanga ambao ungelazimika kuipiga, hata ukienezwa sawasawa chini ya mabawa yote mawili, ungekuwa mkali kuliko jua la adhuhuri kama mara mia mbili. Ni vigumu sana seli na bati la ndege kuvumilia hayo saa nzima. Hapa hesabu inakataa kabisa.

5. VIZUIZI VINGINE VINNE

Mawingu. Mwanga wa leza haupiti katika wingu zito, kama vile jua lisivyopita. Fikirieni ukungu wa Limuru wa asubuhi, mvua za Kericho za mchana, na vumbi la kaskazini. Ndege inayotegemea mwale peke yake ikiingia nyuma ya wingu, imekatiwa chakula. Kwa hiyo lazima ibebe betri ya akiba, na ile faida ya wepesi inaanza kupungua.

Mtauliza, basi kwa nini wasitumie mawimbi ya redio kama yule Brown, kwa kuwa hayo hupita mawinguni? Ni kweli hupita. Lakini mawimbi hayo hutawanyika sana. Mwaka 1975 huko Goldstone, California, wahandisi walipeleka zaidi ya kilowati 30 umbali wa kilomita moja na nusu, lakini walitumia sahani ya kurusha yenye upana wa mita 26, na kipokezi chenye ukubwa wa ukuta wa nyumba. Ndege ndogo haiwezi kuvaa ukuta. Leza hutoshea ndege ndogo lakini inashindwa na wingu. Mawimbi hushinda wingu lakini yanataka sahani kubwa. Kila njia ina kilema chake.

Umbali. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 400 kwa njia ya anga. Tukisema kila kituo cha leza kinahudumia kilomita 10 kila upande, tungehitaji zaidi ya vituo 20 kwenye njia moja tu, kila kimoja na stima yake, walinzi wake na mafundi wake. Na baharini vingesimama wapi?

Macho. Leza nyingi za kazi hii hutoa mwanga usioonekana. Hilo ni hatari kuliko mwanga mkali tunaouona, kwa sababu jicho halijui likonyeze. Mtu anaweza kuumia ndani ya jicho kabla ya kuhisi lolote. Marubani wa ndege nyingine na ndege wa angani wako katika hatari hiyo hiyo. Mwaka 2019 jeshi la wanamaji la Marekani lilionyesha mtambo uliopeleka wati 400 umbali wa mita 325, ukiwa na vifaa vya kuzima mwale mara kitu kikiukaribia. Kwa hiyo dawa ipo. Lakini inaongeza gharama, na lazima ifanye kazi kila mara bila kukosa hata siku moja.

Gharama. Leza, vioo vya kulenga, mtambo wa kupoza joto, seli maalum na vifaa vya usalama ni vitu ghali. Mpaka sasa wanaolipia utafiti mwingi ni majeshi, na kwao hesabu ni tofauti na yetu. Kupeleka mafuta kwa lori mahali pa vita hugharimu pesa na maisha ya watu, kwa hiyo hata njia inayopoteza punje 90 katika 100 inaweza kuwafaa. Isitufae sisi kwa sababu tu imewafaa wao.

6. BASI INAFAA WAPI?

Tusitupe wazo zima. Inafaa kwa chombo chepesi, kisicho na mtu ndani, kinachozunguka mahali pamoja, karibu na mtambo wake, palipo na anga safi. Kwa mfano, chombo cha kuinua netiweki kwa siku chache baada ya mafuriko kukata nguzo, au cha kulinda msitu wakati wa moto. Kazi kama hiyo haidai safari ndefu. Inadai kukaa juu bila kushuka kila dakika ishirini kubadilisha betri.

Lakini kabla ya kuichagua, tuilinganishe na njia nyingine ambazo tayari tumeziona.

Puto. Mwaka 2020 kampuni ya Loon, ya wenye Google, ilileta maputo ya netiweki juu ya Kenya pamoja na Telkom Kenya. Yalielea kama kilomita 20 juu na kutumia jua. Chombo kilifanya kazi. Lakini Januari 2021 kampuni ilitangaza kufunga, kwa sababu haikuona njia ya kujilipa. Tukumbuke hilo: kilichoshindwa hapo kilikuwa hesabu ya pesa.

Jua. Ndege ya sola iitwayo Zephyr, ya kampuni ya AALTO, iliondoka Laikipia Februari 2025 ikakaa angani siku 67 mfululizo, muda ambao haikuwa imewahi kufikia. Ina mabawa ya mita 25 lakini uzito wake ni kama kilo 75, uzito wa mtu mzima mmoja. Huruka juu ya mawingu. Mchana inakula jua na kujaza betri, usiku inakula betri. Jua halidai mtambo chini, halitumi bili, na halina haja ya kulengwa.

Betri tupu. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege ndogo za kampuni ya Zipline zimepeleka damu hospitalini kwa betri peke yake. Zinaondoka, zinaangusha mzigo kwa mwavuli, zinarudi kubadilisha betri. Safari ni fupi, kwa hiyo betri inatosha na leza haina kazi hapo.

Mtaona basi kwamba leza inabanwa katikati. Kwa safari fupi betri inaishinda. Kwa kukaa juu ya mawingu, jua linaishinda. Kwa kubeba watu, mafuta yanaishinda. Nafasi iliyobaki ni ndogo: kazi ya usiku kucha, mahali pamoja, karibu, na anga safi. Katika nafasi hiyo inaweza kuwa chombo kizuri, na kadiri leza na seli zinavyoboreka nafasi hiyo itapanuka. Lakini kuirusha ndege ya abiria kwa leza ni hesabu isiyolipa, na hakuna uboreshaji mdogo mdogo utakaoibadilisha. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

7. MASWALI YA KUMWULIZA MGENI

Siku mtu atakapowaletea habari za chombo cha kuruka kwa leza, au mtambo wowote wa kutuma nguvu hewani, katibu aandike majibu ya maswali haya:

1. Tukiweka uniti 100 chini, ngapi zinafika kazini? Mlipima mkiwa wapi, maabara au shambani?
2. Mlipeleka nguvu umbali gani, na kwa muda gani? Sekunde, saa au miezi?
3. Siku ya mawingu chombo kinafanya nini? Kikianguka kinaangukia wapi?
4. Mwale ukipita karibu na mtu, mnyama au ndege nyingine, unazimwa na nani, na kwa haraka gani? Mmeruhusiwa na wasimamizi wa usafiri wa anga?
5. Kwa nini jua, betri au mnara wa kawaida usitumike hapa?
6. Fedha za mwanzo zikiisha, ni nani atakayeendelea kulipa?

Mwenye kazi ya kweli hatakasirishwa na maswali haya. Atafurahi kwamba amekutana na watu wanaopima. Anayeyakwepa, mwambieni arudi akiwa na majibu.

8. MAJADILIANO NA ZOEZI

Gawanyikeni vikundi vya watu watano watano. Akina mama na vijana wapewe nafasi ya kusema kwanza.

(a) Katika eneo letu, ni miezi gani ya mwaka anga huwa safi, na ni ipi ya ukungu, mawingu au vumbi? Chorea ubaoni. Je, chombo cha leza kingefanya kazi miezi mingapi?

(b) Ni kazi gani hapa kwetu inayohitaji kitu kikae juu mahali pamoja kwa muda mrefu? Je, nguzo iliyosimikwa kilimani isingeifanya?

(c) Kwa nini chombo cha Loon kilifanya kazi na bado huduma ikafungwa? Je, tumewahi kuona mradi wa namna hiyo ardhini, kama pampu au kinu?

(d) Zoezi la hesabu: ndege ndogo inahitaji msukumo wa wati 150. Kwa kipimo chetu cha punje 15 katika 100, mtambo wa chini utumie wati ngapi? (Jibu: wati 1,000.) Sasa rudieni hesabu hewa ikiwa na vumbi, yule wa pili achukue punje 30 badala ya 10, na seli zichukue tena nusu ya zinazobaki, na mota robo. Zinafika ngapi? (Jibu: punje 7 na nusu. Mtambo wa chini sasa unahitaji wati 2,000, yaani mara mbili.)

Katibu ahifadhi majibu ya swali (a). Yatawafaa hata mkifikiria kununua sola ya kawaida, maana wingu linaloizuia leza hupunguza stima ya sola pia. Na zile punje 100 zirudisheni kwa mwenyewe, zisihesabiwe kuwa hasara ya somo.

Kazi njema.